Naandika kumbukumbu kwa simu, mwenyekiti anadhani nachati

Adhis_Kisumu

Habari zenu. Naomba ushauri, na mniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya kusambaza mbegu na mbolea hapa Kisumu. Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tunakutana: mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, watu wa mauzo wanaozunguka Ahero, Muhoroni na Luanda, mhasibu, na mimi katibu. Laptop ya ofisi betri yake imekufa, ukiichomoa tu inazimika, na soketi pekee ya chumba kile ni ya birika la chai. Kwa hiyo naandika kwa simu. Vidole vyangu ni vyepesi. Mkutano ukiisha, kumbukumbu ziko tayari.

Jumatatu iliyopita tulikuwa tumefika kwenye habari ya mwenye duka moja la agroveti ambaye hajalipia mifuko arobaini ya mbolea ya DAP. Mkurugenzi, mzee wa rika la babangu, akanyamaza ghafla. Akavua miwani, akaiweka mezani. "Tumsubiri binti amalize kuchati." Wote wakaangua kicheko. Nilikuwa nimefika kwenye neno "arobaini". Sikujibu, mzee hajibiwi mbele ya watu. Lakini haikupita dakika tano simu yake ikalia kwa mlio wa kuamsha kijiji, akaipokea palepale: "Niko mkutanoni, sema haraka." Hiyo haraka ilitosha chai yangu kupoa.

Je, kosa ni langu? Nirudi kwa daftari?

Mzee wa Section 58, Nakuru

Pole, binti yangu. Mimi ni mwenyekiti wa sacco, kwa hiyo nasema nikiwa upande wa huyo aliyevua miwani. Pale mbele mimi naona utosi wako tu. Sijui kama unaandika maneno yangu au unachagua viatu. Mwenye kalamu, hata kama anachora kuku, namwona mkono unakwenda, nikitulia unatulia.

Sisi tulijaribu kikapu. Ukiingia unaweka simu humo, mlio umezimwa. Kilidumu mikutano miwili. Wa kwanza, kilitetemeka juu ya kabati hadi mama mmoja akainua miguu akidhani ni panya. Wa pili, mweka hazina akaulizwa kama fulani ametuma mchango wake, na jumbe zote za M-Pesa ziko kikapuni. Tukapekua simu ishirini, nyeusi zote. Siku hizi simu ya mweka hazina inakaa mezani, kila mtu anaiona, na anayengoja habari ya dharura anatuambia mapema: "Mtoto yuko hospitalini, nikitoka msinishangae." Hakuna aliyewahi kununa kwa hilo.

Mkurugenzi wako amekosea kukuaibisha. Na wewe ungemwambia kabla.

Katibu_Mstaafu, Kakamega

Daftari la nini, dada? Nimekuwa katibu miaka sita. Kaa ubavuni mwa mwenyekiti, si ng'ambo ya meza. Laza simu juu ya karatasi ya ajenda, mwanga uongeze kidogo ili naye aone. Zima data. Kila ajenda ikifungwa, msomee: "Nimeandika, watu wa mauzo wamwone mwenye agroveti kabla ya Ijumaa. Ni sawa?" Mara mbili hivi atakuzoea.

Ila usije ukarekodi sauti kimyakimya eti utaandika jioni. Sauti ya mtu ni data yake, na Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019. Omba ruhusa mbele ya wote.

Projekta_Ilinichoma, Kitale

Mnasema simu tu, na laptop je? Nilikuwa nawauzia wafugaji mashine ya kukamua maziwa. Nimechomeka projekta, bei yangu iko ukutani, elfu 450. WhatsApp nimeiacha wazi kwenye laptop ileile. Pembeni mwa ukuta kikaibuka kisanduku, ujumbe wa bosi wangu: "Wakikaza sana shuka mpaka 380."

Hakuna aliyecheka. Mama aliyekaa mbele akafunika kalamu yake taratibu. "Basi kijana, tuanzie hapo 380."

Tulimalizia 365. Mpaka leo sigusi waya wa projekta kabla sijafunga kila kitu, hata barua pepe.

Adhis_Kisumu

Asanteni. Projekta, nimecheka mpaka mhasibu akaniuliza kuna nini.

Leo nimewahi kabla ya wengine. "Mzee, naomba ruhusa, kumbukumbu naandikia hapa." Akaishika simu, akainyosha mbali na macho, akasoma za wiki jana. Kimya kirefu. Kisha: "Hapa umeandika mifuko arobaini. Ni arobaini na miwili." Nikasahihisha akiona. Akanisogezea kiti upande wake wa kulia, na kila nikiandika alikuwa akichungulia, hadi nikaanza kukosea herufi.

Simu yake? Ililia mara mbili, zote akapokea mezani. Ya pili alipomaliza akanigeukia: "Hiyo usiandike."