Ulimi wa Swaleh: gumzo la kikundi cha jamaa wa Mkomani, Lamu

Mama Swaleh: Assalaamu alaykum, jamaa zangu. Naomba rai yenu, hasa ya Zuhura aliyeko Mombasa. Swaleh amekwisha kutimiza miaka saba, na tangu kaskazi iingie nimekuwa nikimtazama usiku: hulala mdomo wazi, hukoroma, na asubuhi mto huwa umelowa mate. Meno yake ya mbele ya juu na ya chini hayakutani hata akiuma, na herufi ya sini humtoka kama thaa. Daktari wa meno ametwambia kwamba nyaya za kupanga meno peke yake hazitadumu na faida ikiwa ulimi utaendelea kukaa ulipo, kisha akataja mazoezi ya misuli ya kinywa na uso. Mimi sijapata kusikia kwamba ulimi nao hufanyishwa mazoezi.

Shangazi Fatma: Wa alaykumu ssalaam. Hicho ni kimeo, mwanangu. Zamani mtoto wa namna hiyo alipelekwa kwa mzee akakatwa, na mambo yakaisha.

Zuhura: Wa alaykumu ssalaam nyote. Shangazi, kwa heshima zako zote, hapo sitakubali. Kimeo hakifungi pua wala hakisukumi meno, na wako watoto waliokatwa wakatokwa na damu nyingi kupita kiasi au wakapata maambukizi, hata pepopunda. Tafadhali jambo hilo lisifike kwa Swaleh.

Dada, daktari wako amekwambia kweli. Tiba hii si ngeni: Alfred Rogers, daktari wa kupanga meno wa Marekani, aliandika mwaka 1918 juu ya kuitumia misuli ya uso ili isaidie kazi ya kupanga meno. Msingi wake ni kwamba jino hukaa baina ya nguvu mbili, ulimi ukiwa ndani, midomo na mashavu yakiwa nje. Wengi hudhani ubaya wote uko katika kumeza, kwa kuwa ndipo ulimi unapoonekana ukichungulia kati ya meno. Lakini mtu akimeza mate hutumia kama sekunde moja tu, ilhali ulimi uliolala chini, umeegemea meno, huwa hapo mchana kutwa na usiku kucha. Nguvu ndogo isiyoondoka hulihamisha jino zaidi kuliko msukumo mkubwa wa mara moja. Kwa hiyo tunachokitafuta ni midomo ifungwe bila kukazwa, hewa ipite puani, na ulimi ulale juu kwenye kaakaa.

Maalim Badi: Nimefuatilia maneno haya kwa makini, maana Swaleh ni mwanafunzi wangu. Katika tajwidi twafundisha kwamba nuni hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ufizi wa meno ya juu ya mbele. Je, si mahali hapo hapo mnapopataka?

Zuhura: Ndipo hapo, Maalim, na nimefurahi kwamba umepataja wewe, maana mtoto atapakumbuka upesi zaidi kuliko maelezo yangu. Tofauti ni moja: katika nuni yatosha ncha, nasi twataka ulimi mzima, hata sehemu yake ya nyuma, unyonywe juu ukamatane na kaakaa. Tena sini peke yake isikushughulishe sana kwa sasa. Mtoto aweza kuirekebisha sini darasani, kisha akirudi kutazama katuni mdomo ukabaki wazi na ulimi chini kama desturi yake.

Ami Omari: Basi mtoto aanze mazoezi leo. Mwasubiri nini?

Zuhura: Twasubiri pua, Ami. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na baadhi ya video zinazozunguka kwenye simu zimezidisha haraka hiyo. Mtoto apumuaye kwa mdomo mara nyingi hafanyi hivyo kwa uvivu. Pua haimpi hewa ya kutosha. Yaweza kuwa nyama za nyuma ya pua, ambazo hukua utotoni na kwa kawaida hunywea mtoto akielekea kubaleghe. Yaweza kuwa tonsili kubwa. Yaweza kuwa mzio wa vumbi, wa ukungu wa kutani, au wa paka, na katika mji wetu sina haja ya kueleza paka wanalala wapi. Kumwambia afunge mdomo kabla ya pua kufunguliwa ni kumtesa. Na ule mtindo wa kubandika utepe midomoni wakati wa kulala, mtoto aliyezibana pua asifanyiwe kabisa. Aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo. Nyama zikihitaji kuondolewa, ziondolewe, na mazoezi yafuate. Wako watoto ambao pua imefunguliwa na mdomo ukabaki wazi kwa mazoea tu, na hao ndio wanaofaidika sana.

Mama Swaleh: Na hayo mazoezi yenyewe ni yapi? Bado hunyonya kidole gumba akishikwa na usingizi.

Zuhura: Kidole kitangulie kuondoka, kwa upole na zawadi, si kwa pilipili. Mtoto mchanga kunyonya kidole si kosa, lakini meno ya ukubwani yakianza kutoka, kidole huyazuia yasikutane na huufunza ulimi kukaa chini. Baada ya hapo ataunyonya ulimi kwenye kaakaa na kuuachia ghafla ulie kama anayemhimiza punda. Kisha ataushikilia juu huku akifungua taya polepole. Ataweka kifungo kikubwa cha nguo kilichotungwa uzi imara kati ya midomo na meno, na wewe uvute uzi taratibu naye akizuie kwa midomo. Uzi usiutoe mkononi mwako, asije akakimeza. Mwisho ni kumeza maji kidogo, meno yamekutana, midomo imetulia, ulimi hauonekani. Hufanywa kila siku kwa miezi, chini ya jicho la mtaalamu, kwa kuwa mtoto akikosea hufanya mazoezi ya lile kosa.

Ami Omari: Na sisi wazee? Mke wangu amehamia chumba cha pili kwa sababu ya mkoromo. Au nipewe siwa, lile baragumu kubwa la makumbusho, nipulize?

Zuhura: Umetania, Ami, lakini umekaribia. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha jaribio la watu 25 wenye mkoromo na kukatika pumzi usingizini. Waliojifunza kupuliza didgeridoo, tarumbeta ndefu ya wenyeji wa Australia, kwa miezi minne walipungukiwa na usingizi wa mchana. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili walijaribu mazoezi ya ulimi na koo kwa miezi mitatu kwa wagonjwa wa kiwango cha wastani, na mara za pumzi kukatika au kupungua zikashuka kutoka kama 22 hadi 14 kwa saa. Ni nafuu ya kweli, ila 14 si sifuri, na walioshiriki hawakuwa wengi. Mazoezi husaidia, hayaichukui nafasi ya mashine ya kusukuma hewa kwa aliyeandikiwa. Je, pumzi yako hukatika kisha ukashtuka?

Ami Omari: Mke wangu asema hukatika.

Zuhura: Basi nawe uonwe na daktari, Ami, safari moja na Swaleh.

Mama Swaleh: Tutavuka Mokowe Jumapili na kupanda basi la asubuhi, inshallah.

Zuhura: Usiku kabla ya safari mrekodi video akiwa usingizini, kifua na uso vionekane na sauti isikike. Daktari atamwona akiwa macho, na akiwa macho mtoto huyo hakoromi.

Maalim Badi: Nami sitamsahihisha sini mbele ya wenzake mpaka mrudi.

Shangazi Fatma: Paka wangu asisingiziwe kabla ya vipimo.