Kikundi cha Ukoo: Safari ya Mtoto wa Zuhura

Rehema (saa 1:10 asubuhi): Assalaam alaikum ndugu zangu. Jumamosi tunakutana kwangu kuhusu mtoto wa Zuhura, anayetakiwa kupelekwa Korogwe kwa Bibi akishaachishwa ziwa. Kabla ya kukata shauri, naomba tumzungumzie Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Uganda mwaka 1954. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi ili asahau ziwa, lakini alipokuta desturi hiyo imefifia aligeuza utafiti, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akiketi nao pamoja na mkalimani na kutazama mtoto anavyotambaa kwenda mbali kisha akamrudia mama.

Rehema (saa 4:45 asubuhi): Naona mmesoma na mmenyamaza. Nani ataongoza mazungumzo?

Hamisi: Mimi nitaiongoza sinia ya pilau.

Rehema: Pilau ipo, Hamisi, ila tusiache neno likapotea. Ainsworth aliona kwamba mama aliyemjua mwanawe kwa undani ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia na kuthubutu kucheza mbali naye. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, alibuni kipimo cha dakika ishirini hivi: mama anatoka chumbani, anarejea, na linaloangaliwa zaidi ni namna mtoto anavyompokea.

Idrisa (saa 2:20 usiku): Hapo pa kumpokea ndipo panaponiuma. Mama alipokuja Korogwe kunichukua nilijificha nyuma ya mtungi, na hadi leo mnalisimulia jambo hilo kama kichekesho.

Shangazi Mwanaidi: Mwanangu, mwaka ule unajua ulivyokuwa.

Zuhura (saa 3:05 usiku): Dada Rehema, Ainsworth huyo huyo aliandika kwamba watoto wa Uganda walishikamana pia na baba, bibi na ndugu zao. Kazini narudi. Ninachohitaji ni mtu wa kunisaidia, si lawama.

Bibi (ameandikiwa na mjukuu): Idrisa nililala naye mimi, na usiku alikuwa akiamka kumuulizia mama yake. Mtoto huyu haletwi Korogwe. Nitakuja mimi Dar, nikae naye mama yake akiwapo, mpaka anizoee.

Rehema (saa 3:40 usiku): Tumesikia, Bibi. Nani atakwenda kumchukua Ijumaa?

Hamisi: Gari langu bado liko gereji.

Idrisa: Nitaomba ruhusa kazini, lakini siahidi.

Rehema: Zuhura, chumba cha Bibi kipo? Na wengine bado sijawasikia.