Simu ikizima usiku ziwani, nifuate nyota gani?

Mvuvi wa Usenge:
Habari zenu wadau. Navua omena, wale dagaa wa ziwani, tunatokea Usenge, ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Njia tunaishika kwa simu. Juzi chaji iliisha tukiwa mbali, na ukungu uliolala juu ya maji ukaficha taa za ufuoni. Tukabaki kubahatisha mpaka kukapambazuka, ingawa juu nyota zilikuwa zimejaa tele. Nasikia mabaharia wa Pwani walivuka hadi Uarabuni kwa nyota tu. Elimu hiyo inafaa huku kwetu, au ni ya bahari kuu?

Fundi Mlamu, Kisumu:
Pole sana ndugu yangu. Inafaa, tena wewe umebahatika kuliko wao. Mimi ni mzaliwa wa Shela, ukoo wetu ni wa manahodha. Hapa Kisumu natengeneza injini za mashua.

Wazee wa majahazi waliokwenda na kusi, upepo wa kutoka kusini, hadi Maskati waliitegemea Nyota ya Jaa, ile ya kaskazini. Lamu huioni, maana tuko kusini ya ikweta. Ukipanda kaskazini inaibuka, na kimo chake juu ya upeo wa bahari ni sawa na latitudo ya mahali ulipo, yaani digrii ulizo mbali na ikweta. Maskati ni kama digrii 23 na nusu. Walipima kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Uzi unaumwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao unagusa upeo, wa juu unagusa nyota. Kila fundo lilionyesha kimo cha Jaa kwenye bandari moja.

Wewe Jaa huihitaji. Ikweta inapita Maseno, na Usenge iko jirani tu. Kwenye ikweta nyota hupanda wima kutoka majini, haziendi mshazari kama kule Ulaya. Kwa hiyo nyota iliyochomoza inakushikia upande wake muda mrefu. Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, huchomoza digrii 17 hivi kusini ya mashariki. Saa mbili baadaye imesogea digrii mbili au tatu tu.

Bora zaidi ni zile nyota tatu zilizopangana mstari, za mkanda wa Orioni. Zinachomoza mashariki hasa, zinatua magharibi hasa. Mwanzoni mwa Desemba zinatoka karibu saa moja unusu jioni, na saa kumi alfajiri zimeshaelekea magharibi. Ukirudi Usenge saa hizo, ziweke tezini, yaani nyuma ya mashua, omo, yaani mbele, ielekee mashariki, utafika pwani yako.

Mwalimu, Nakuru:
Naongeza hapo kwa Fundi. Kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana, yaani saa mbili kwa mwezi. Kwa hiyo Juni usiutafute mkanda wa Orioni, uko karibu na jua. Katikati ya Mei, kama saa tatu unusu usiku, Msalaba wa Kusini, nyota nne zenye umbo la msalaba, husimama wima. Teremka kwa macho moja kwa moja hadi majini, hapo ndipo kusini. Geuka nyuma, kundi la nyota la Dubu Mkubwa liko upande wa kaskazini, kimo karibu kile kile. Ila Mei ni mvua, mawingu hayakosi.

Mvuvi wa Usenge:
Asanteni sana. Na ile kubwa ya alfajiri? Wenzangu wengi huifuata.

Fundi Mlamu, Kisumu:
Hiyo ni Zuhura, si nyota, ni sayari. Miezi mingine iko mashariki kabla ya jua, miezi mingine iko magharibi baada ya jua kutua. Waambie wenzako waiache kabisa, naogopa itawapeleka kusiko.

Jingine: taa zenu za omena zinapofusha macho. Kabla ya kutafuta nyota zipe kisogo dakika 20 hivi. Na taa za mashua nyingine mbali huonekana kama nyota za chini, kwa hiyo chagua nyota iliyopanda kidogo, usichukue ile inayogusa maji.

Mawingu yakifunga, nyota hazina msaada, na dhoruba za ziwa hili unazijua. Nunua dira ndogo, uifunge mbali na injini, kwani chuma huvuta sindano. Na jaketi za kuokolea mzivae, zisikae chini ya nyavu.