Wenye matanuri ya kukodisha: mnakatisha upoaji, kazi inapasuka, halafu mnasema kioo kilikuwa kibovu!

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimechoshwa na watu wanaotuchomea vioo kwa malipo, yaani kuvipasha kwenye tanuri mpaka vishikane na kuvipoza polepole, kisha wanatutupia lawama kazi ikiharibika. Simtaji mtu jina. Ila mhusika akipita hapa atajijua.

Kazi yenyewe ilikuwa sinia. Chini tabaka mbili za kioo cha milimita 3, juu yake vipande vya rangi vya unene huohuo, vya kushikishwa tu bila kuyeyuka kabisa ili vibaki vimenyanyuka. Kwa hiyo kuna mahali pana milimita 6 na mahali pana 9. Kioo chote ni cha kampuni ya Bullseye, namba ya kutanuka (kipimo cha kioo kinavyotanuka kikipata joto) 90, hakuna hata kipande kimoja cha kuokoteza. Maelezo yote nimeyaandika kwenye karatasi na kuiacha juu ya kazi.

Narudishiwa vipande viwili. Namuuliza kulikoni, ananiambia vioo nilivyochanganya haviendani, yaani havitanuki sawa. Namuuliza ametumia programu gani ya joto na muda, ananijibu, "Ile tunayotumia kila siku."

Ile ya kila siku kwa kazi ya nani? Ya unene gani?

Halafu ufa wenyewe unajieleza, tatizo ni kwamba hataki kuutazama. Kingo zake zinakata kama wembe. Kioo kikipasuka wakati joto linapanda, kinaendelea kupikwa mpaka nyuzi 750 na kitu za Selsiasi huko, kwa hiyo kingo za ufa zinalainika na kuviringika, na mara nyingine vipande vinashikana tena. Ukingo mkali maana yake kimepasuka wakati wa kushuka. Tena vioo visivyoendana mara nyingi hupasuka kwa kufuata mpaka wa kile kipande kigeni. Huu wangu umekatiza katikati ya sinia, umevuka rangi zote bila kujali, na mwishoni umejikunja kama ndoana. Mtu anayechoma vioo kila wiki hajui hilo?

Nikambana anifungulie kontrola, kile kifaa kinachoendesha na kurekodi joto la tanuri. Nusu saa kwenye nyuzi 482, joto la kuanzia kupoza, kisha tanuri linazimwa. Basi! Na baadaye akakiri kwamba aliinua kifuniko "kidogo tu" tanuri likiwa karibu nyuzi 200, kwa sababu kulikuwa na mzigo mwingine unasubiri.

Sasa tuhesabu pamoja. Mtengenezaji wa kioo ameweka jedwali la kupoza wazi, kila mtu analiona. Kwa kazi yenye unene usiolingana unatafuta sehemu nene kuliko zote, unaizidisha mara mbili, ndipo unachagua mstari. Yangu ni 9, mara mbili 18, kwa hiyo unakwenda mstari wa milimita 19: saa 3 kwenye nyuzi 482, kisha unashuka nyuzi 25 kwa saa mpaka 427, nyuzi 45 kwa saa mpaka 371, halafu 150 kwa saa mpaka joto la chumba. Jumla kama saa 9. Yeye katoa nusu saa na swichi. Hata kwa bamba la kawaida la milimita 6 hiyo nusu saa haitoshi, ratiba za mtengenezaji zinataka saa nzima.

Na kuzima tanuri kwenye 482 ndiyo balaa lenyewe, kwa sababu tanuri hupoteza joto haraka zaidi likiwa bado la moto. Zile nyuzi mia za kwanza, ambazo kioo kinahitaji kushikwa kwa upole kuliko wakati mwingine wote, ndizo zinazoporomoka kwa kasi. Nje kunaganda wakati ndani bado kuna joto, kisha ndani nako kunataka kusinyaa lakini nje hakuruhusu. Mvutano huo unabaki humo milele mpaka ukipashe upya. Unene ukiongezeka maradufu, muda wa kushuka unaongezeka kama mara nne. Kile kioo cha darubini ya Palomar, cha upana wa mita 5, kilichomiminwa na kampuni ya Corning mwaka 1934, kilipozwa kwa takriban miezi kumi. Na hicho kilikuwa Pyrex, kioo cha kuhimili joto, ambacho kinatanuka kidogo kuliko hiki chetu!

Msituletee hoja ya umeme. Wakati wa kushuka waya za tanuri zinawaka kwa vipindi tu, kuzuia joto lisianguke. Mnachobana ni muda, ili mzigo wa pili uingie usiku huohuo.

Kinachoniumiza zaidi ni kazi ambazo hazikupasuka. Zilizopasuka angalau tunaziona. Zile nyingine mteja anaondoka nazo akifurahi, anaweka mezani, na wiki kadhaa baadaye bakuli linapasuka lenyewe hakuna aliyeligusa. Anayelaumiwa ni fundi aliyelibuni, mwenye tanuri hata habari hana. Kama mna kioo kinachopitisha mwanga kilichotoka kwa watu hawa, kiwekeni katikati ya filta mbili za polaraiza (zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu), moja mkiizungusha mpaka mwanga uzimike. Mkiona weupe unang'aa pembeni au kuzunguka vipande, huo ndio mvutano niliousema. Kioo hicho msimpe mtu.

Na wanaotupunja kwenye kulaza kioo kwenye kalibu, yaani kukilainisha kwa joto kishuke na kuchukua umbo la kalibu, nao wasikie. Kazi iliyokwisha kuunganishwa si shiti nyembamba tena, hamuwezi kuipandisha kwa kasi ileile ya mwanzo. Ipandisheni polepole mpaka ipite nyuzi 540, ilazeni kwenye 650 hivi, na kupoza kunaanza upya kwa hatua zote. "Ilishapozwa mara ya kwanza" si jibu, joto lile limefuta kila kitu.

Ninachodai ni haki ya kawaida kwa mtu aliyelipa. Kabla ya kuchoma, nionyeshwe programu yote, pamoja na kasi ya kushuka. Baada ya kuchoma, nipewe picha ya rekodi ya kontrola. Kifuniko kisiguswe kabla kazi haijafika joto la chumba. Na kama mliifupisha ratiba, mrudishe pesa na gharama ya kioo.

Mwenye tanuri anayepoza inavyotakiwa aandike hapa chini: milimita 12 anaishika kwenye joto gani, kwa saa ngapi, na anashuka nyuzi ngapi kwa saa. Atakayejibu bila kuanza kutafuta visingizio, kazi zangu zote zilizobaki nampelekea yeye.