Mrejesho: prosesa ya gemu na kurenda video, nilichukua 5900X

Aksanti sana bandugu kwa vile mulinisaidia. Kwa wenye hawakusoma mwanzo, niliuliza niondoe prosesa yangu ya Ryzen 5 2600 niweke nini, juu usiku nacheza gemu na mchana nakata video za harusi hapa Goma, bodi (ubao mkuu wa kompyuta) ni B450 na pesa ya kubadilisha kila kitu hakuna.

Nilifuata yule alisema nibaki na bodi, nipandishe BIOS (programu ya bodi yenye inawasha kompyuta) kwanza prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kisha ndio niweke mpya. Ikakubali mara moja. Kati ya prosesa mbili za Ryzen, 5800X3D na 5900X, nilichukua 5900X, ile ya kwanza ni kali sana kwenye gemu lakini ina kori (sehemu za prosesa zenye zinafanya kazi pamoja) 8, hii ina 12 na video ndiyo inanilisha. Kurenda (kutoa video iliyokatwa kuwa faili moja) harusi iliyokuwa inakula karibu saa nzima sasa inatoka chini ya nusu saa, mteja anasubiri na flashi yake mkononi anaondoka nayo.

Ushauri wa kubaki na feni ya zamani haukufaa, joto la prosesa lilifika digrii 90 na spidi ikashuka katikati ya kazi, nikatafuta feni kubwa ya mnara, sasa inacheza kwenye 70 na kitu.

Kwenye gemu fremu hazikuongezeka sana, kadi yangu ya picha, GTX 1660, ndiyo imefika mwisho, ila kukwamakwama kumeisha kabisa.

Wenye inverta muangalie: 5900X imeandikwa 105W lakini ikirenda inapita hapo, mimi narenda kuran (umeme) ikiwepo. Kama unategemea betri, chukua 5700X ya 65W.