Kukiri kosa, kukana au kuomba makubaliano: ipi inamfaa mshtakiwa?

Mama Neema
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume ameshtakiwa kwa wizi wa kompyuta mpakato ya mwajiri wake, na wiki ijayo atasomewa mashtaka. Anasema aliichukua Ijumaa jioni ili amalizie ripoti nyumbani, bila kumuaga mtu wala kuandika kwenye daftari, akidhamiria kuirudisha Jumatatu. Jumapili polisi wakamkuta nayo. Ndugu tumegawanyika. Wako wanaotaka akiri mapema ili aonewe huruma, wako wanaosema akane na ajitetee mwenyewe kwa kuwa fedha za wakili hatuna, na shemeji yangu anasisitiza tuombe makubaliano na upande wa mashtaka, yaani akiri nao wampunguzie mashtaka. Naomba mnisaidie kuzipima njia hizi, maana usingizi sipati.

Karani Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Nimeandika mwenendo wa kesi kwa miaka mingi, na niliowaona wakiumia zaidi ni wale waliochagua njia kabla ya kuisoma hati ya mashtaka. Hati hiyo hutaja kosa, kifungu cha sheria, tarehe, mahali na kitu kinachodaiwa kuibwa, na kila kosa lina viini vyake ambavyo upande wa mashtaka lazima uvithibitishe kimoja kimoja. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, kuchukua peke yake si wizi. Lazima pia iwepo nia mbaya, na kwa kawaida nia hiyo ni ya kumnyima mwenye mali kitu chake moja kwa moja.

Sasa mfikirie mdogo wako kizimbani. Anaulizwa kama mashtaka ni kweli, naye kwa unyofu anajibu: "Ndiyo, niliichukua, lakini ningeirudisha Jumatatu." Jibu hilo lina utetezi ndani yake, na hakimu makini ataandika kwamba amekana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, ilielekeza kwamba mshtakiwa aelezwe mashtaka na viini vyake katika lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha asomewe maelezo ya kosa na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo. Akisema "ndiyo" tupu kwa woga, ulinzi huo wote unaweza kumpita bila yeye kujua.

Baba Salma
Mimi natofautiana kidogo na mzee. Aliyetenda kosa na ushahidi ukawa wazi hana sababu ya kuburuza kesi miezi na miezi. Mimi nilikiri shtaka la kupigana, nikatozwa faini, nikarudi nyumbani siku ileile, wala sijutii kusema kweli. Ninachojutia ni kwamba sikumuuliza mtu kuhusu kumbukumbu ya jinai. Miaka miwili baadaye niliomba kazi, nikatakiwa kuleta cheti cha polisi, na mlango ukafungwa.

Wakili wa Utetezi
Baba Salma amegusa jambo ambalo familia nyingi hazilipimi. Adhabu iliyoandikwa kwenye kifungu kwa kawaida ni ya juu kabisa, na mahakama inaweza kutoa faini, kifungo cha nje, huduma kwa jamii, fidia au kifungo cha muda mfupi, isipokuwa pale sheria inapoweka kiwango cha chini. Kukiri mapema hupunguza adhabu: huko Uingereza mwongozo wa mahakama huruhusu punguzo la hadi theluthi moja kwa anayekiri katika hatua ya kwanza, na linashuka hadi sehemu ya kumi kwa anayesubiri siku ya kwanza ya kesi. Hata hivyo punguzo ni la adhabu tu. Hatia inabaki palepale, na mara nyingi aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe.

Makubaliano yana maana pale ambapo upande wa mashtaka unabadilisha shtaka zito kuwa dogo au kufuta baadhi ya mashtaka. Hapa shtaka ni moja na nia ndiyo inayobishaniwa, kwa hiyo sioni sababu ya kuyakimbilia kabla ya kuona maelezo ya mashahidi.

Mwanafunzi wa Sheria
Kuhusu kujitetea mwenyewe, naomba mkumbuke Clarence Earl Gideon wa Florida, Marekani. Mwaka 1961 alishtakiwa kuvunja na kuingia katika ukumbi wa biliadi, akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea na kufungwa miaka mitano. Akaandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba alistahili wakili. Kesi iliposikilizwa upya, wakili alimbana shahidi mkuu kwa maswali ya dodoso, na Gideon akaachiwa huru. Sidhani kama hoja yoyote inashinda mfano huo.

Mama Neema
Nawashukuru wote, na shikamoo mzee Karani. Kumbe hata wakili tusiyemudu anaweza kupatikana? Jambo jingine: Jumamosi ile mdogo wangu alimtumia mfanyakazi mwenzake ujumbe akisema kompyuta anayo na anamalizia ripoti.

Wakili wa Utetezi
Ulizeni kwa karani wa mahakama au chama cha mawakili kuhusu msaada wa kisheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 14, unataka asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapodai hivyo. Mkikosa wa kesi nzima, tafuteni hata wa kumshauri siku moja kabla ya kusomewa mashtaka. Siku hiyo aombe nakala ya hati na muda wa kujiandaa.

Ujumbe huo unagusa nia yake moja kwa moja. Usifutwe, na simu yenyewe itunzwe, kwa kuwa picha ya skrini pekee inaweza kupingwa. Tena, dada, mdogo wako asimpigie mwenzake kumwelekeza cha kusema, kwani kumwingilia shahidi ni kosa jingine, na dhamana yake inaweza kufutwa. Mwachieni wakili amtafute.