Naomba ushauri: goti la mama limemaliza akiba, tufanye upasuaji au tuendelee na dawa?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Lamu mjini. Gegedu la goti la kulia, yaani ule mto ulio kati ya mifupa, limelika, mifupa inasuguana. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ngazi za mawe, na sasa hashuki hata kwenda arusini.

Daktari ametaja kubadilishiwa goti, Mombasa. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Kila siku ya kliniki ni boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha basi, malazi, chakula cha watu wawili, na mimi nafunga duka siku tatu. Gharama hizo hakuna bima inayozihesabu! SHA, bima ya afya ya serikali, tunalipa kila mwezi, lakini sijapata jibu la wazi watalipia kiasi gani cha upasuaji na kama goti la bandia lenyewe limo.

Najua hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mwaka 2019 watu milioni 365 hivi duniani walikuwa na ugonjwa huu wa goti. Marekani, mwaka 2013, ugonjwa huu wa kulika viungo, si wa goti tu, ulikuwa wa pili kwa gharama za matibabu hospitalini, dola bilioni 16.5.

Dawa za maumivu zimeanza kumchoma tumbo, na naogopea figo zake.

Aliyepitia haya anisaidie: SHA walilipa kiasi gani, nanyi mliongeza ngapi? Mazoezi ya viungo na kupunguza uzito vilimsaidia mzee wenu kwa kweli? Na mazoezi hayo mliyapata hapa Lamu au mlikwenda Malindi?